Mdomo wa Kasaine

Kila asubuhi Efraimu alimnawisha Kasaine uso kwa maji ya vuguvugu. Alianzia machoni, maana tangu trakoma ilipomfunga macho yale, ndiko tongotongo zilikojaa usiku kucha. Akimaliza humfuta kwa upole kwa kitambaa cha zamani kilicholainika, kisha humgusa goti la kulia, na Kasaine akajua kiti kiko upande huo, akaketi bila kupapasa. Kazi hiyo waliifanya kimya. Maneno yalianza baada ya uji.

"Leo umeniosha kama ndizi za kupeleka sokoni," Kasaine alimwambia siku moja.

"Ndizi ina mnunuzi," Efraimu akajibu. "Wewe nikikuosha nakuuza wapi?"

Efraimu alikuwa Mmeru wa Poli. Kasaine alikuwa Mwarusha, wa upande wa machweo ya mlima. Babu zao waliibiana ng'ombe, na wao wenyewe wangezeeka bila kujuana kama si vita ya Hitla, iliyowakusanya vijana wa pande zote za Meru, ikawavalisha kaptura za Keya, jeshi la Mwingereza, na kuwavusha bahari hadi Bama, kule Asia. Huko walilala shimo moja, Efraimu akiwa koplo wake. Vita ilipokwisha kila mtu alirudi kwao, akalima, akasahau, mpaka uzee ulipowakutanisha tena katika Nyumba ya Askari, kule juu ya Sokon ambako migomba inaanza kupakana na kahawa. Kasaine aliletwa hapo kwa sababu hakuwa na mke, mtoto wala ndugu aliyebaki hai. Efraimu alikuja baada ya kumzika mkewe. Alikuwa na binti, Elifuraha, aliyeuza ndizi kwa abiria wa mabasi pale Maji ya Chai, lakini hakutaka kumwongezea mzigo.

Wazee wa nyumba ile walikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haikuwepo kwenye kabati la Anyesi, mama wa Kichaga aliyewahudumia. Walikuwa hawasemi. Jeshini walifundishwa kwamba askari hasemi anaumwa, hasemi ana kiu, hasemi viatu vinambana. Jeshi likawaacha, fundisho likabaki. Mzee mmoja, Yiamat, alilala masika nzima kwenye godoro lililoloa kwa kuvujiwa na paa. Aliulizwa hali kila asubuhi, na kila asubuhi alisema salama. Kifua kilimbana, akafa, na godoro lilipoinuliwa ndipo watu wakaona maji yakichuruzika.

Waliporudi kutoka kumzika, Efraimu aliwaketisha wenzake barazani. Aliwaambia kwamba hawezi kuwataka waseme shida zao, kwa sababu hata yeye hawezi. Lakini shida ya mwenzake anaweza kuisema, tena kwa sauti, wala haimwoneshi kuwa dhaifu. Basi kila mtu awe mdomo wa mwingine. Wewe ukivujiwa, mwambie mdomo wako, au usimwambie, aangalie mwenyewe. Yeye ndiye atakayekwenda kwa msimamizi.

Wazee walicheka kidogo, wakakubali. Ikawa hivyo. Mzee mpya akiletwa aliulizwa kwanza, "Mdomo wako nani?" kabla ya kuulizwa jina. Efraimu alikuwa mdomo wa Kasaine. Kasaine, pamoja na upofu wake, alikuwa mdomo wa Mika, aliyeingia Keya siku zake za mwisho, baadaye akapigana vita vya Uganda na kurudi na mikono isiyotulia. Kasaine ndiye aliyekwenda kwa msimamizi, Bwana Ndesanjo, akamweleza kwamba uji wa Mika unaonekana umejaa kikombe kwa watu wenye macho tu. Yeye asiye na macho anausikia ukimwagika sakafuni. Kesho yake Mika alipewa kopo refu lenye mashikio mawili, na Bwana Ndesanjo mwenyewe ndiye aliyelileta kutoka nyumbani kwake. Kwa njia hiyo walipata pia mlango wa choo, na sukari siku za Jumapili, na kibali cha kuota jua upande wa jikoni ambako hakuna upepo wa mlimani. Vilikuwa vitu vidogo. Lakini mtu aliyekuwa akilala na maumivu yake peke yake sasa alijua kuna mwingine anayaangalia.

Ndipo mambo ya nje yalipobadilika. Ilikuwa miaka ya soko huria. Mjini maduka yalijaa bidhaa, mitumba ikatandazwa kila kona, na mashirika yaliyokuwa ya watu wote yakaanza kupata wenyewe. Sabuni ya nyumba ikapungua, halafu ikakoma, Anyesi akawa anakuja na kipande chake kutoka kwake Engutoto. Wazungu wawili walikuja na mtu mwenye futi ndefu, wakapima kiwanja, wakasimama barazani na kuusifu mlima. Walikuwa na adabu. Waliwaamkia wazee kwa Kiswahili chao cha kukariri, na mmoja akaokota fimbo ya Kasaine iliyoanguka, akamrudishia mkononi.

Baada ya hapo Bwana Ndesanjo aliwakusanya akawaambia kwamba nyumba itafungwa, itajengwa hoteli. Alisema akiwa ameshika kofia. Kila mwenye ndugu atapelekwa kwa ndugu yake, na asiye na ndugu atapelekwa katika nyumba nyingine ya wazee, mbali sana, kupita Dodoma. Walihesabu jamaa zao pale pale. Mika alikuwa na kaka. Mwingine alikumbuka mkwe, mwingine mtoto wa dada yake. Ikaonekana kwamba katika wazee wote wale, Kasaine peke yake ndiye hakuwa na jina la kutaja.

Elifuraha alipokuja kumtazama baba yake, Efraimu alimwuliza kama wangeweza kuja wawili. Binti aliyakunjua majani ya mgomba aliyofungia loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, akamwekea Kasaine kwanza, kisha baba yake. Akawangoja wale. Mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba ana chumba kimoja na watoto, na kitanda cha baba amekitengea jikoni, karibu na mafiga, ili apate joto. Alikuwa ameshakisafisha. Efraimu akamshukuru.

Elifuraha alipoondoka, Kasaine alikaa muda mrefu akilamba vidole.

"Loshoro la Wameru halina kosa," akasema. "Nenda, Koplo. Usiache chakula kile kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia naacha?"

"Unapumua kama mtu anayeacha."

Kweli Efraimu alikuwa ameshaamua. Ombi lake lilikuwa dogo kuliko mlango wa choo. Hakutaka nyumba isifungwe. Alitaka tu, Kasaine akipelekwa huko mbali, naye apelekwe pamoja naye. Kitanda kimoja zaidi. Alimwendea Bwana Ndesanjo, na Bwana Ndesanjo, mtu ambaye hakuwahi kumjibu mzee vibaya, akamwambia kwamba amri ni mwenye ndugu aende kwa ndugu, na yeye hana nguvu ya kuibadili. Ila atakuja mkubwa kutoka makao makuu, meja mstaafu, kuwasikiliza wazee kwa masikio yake. Wazee wakimwambia wenyewe, mbele ya watu, atalibeba ombi lao. Baada ya hapo hakuna mwingine atakayekuja.

Kwa hiyo wakajiandaa. Kila walipoota jua Efraimu aliyarudia maneno yake, na wenzake wakayasahihisha. Maneno yenyewe yalikuwa haya: Afande, nasema kwa niaba ya Kasaine. Haoni, na akiugua anasahau Kiswahili, anabaki na Kimaasai cha Waarusha, na huko hawatamwelewa. Mimi ndiye ninayemjua. Akienda, nami nipelekwe. Mika alishauri aseme pole pole. Kasaine alishauri aongeze kwamba Efraimu anakoroma, ili watu wa Arusha wafurahi kumwondoa.

Kitu kimoja Efraimu hakumwambia mtu. Akiyasema maneno yale, kila mara alijisikia aibu, kwa sababu alijua hayakuwa ya Kasaine peke yake. Alikuwa anajiombea. Angefanya nini asubuhi, kule jikoni Maji ya Chai, maji yakishapata moto?

Siku ya mkubwa Anyesi aliwanyoa wazee ndevu, akawafunga vifungo vya makoti. Meja Hans alikuja kwa gari la serikali, pamoja na karani mwenye daftari. Alikuwa mtu mrefu mwenye mvi, mkakamavu bado, na uso mwema. Kabla ya kusema lolote alizunguka barazani akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo baba, akimshika kila mmoja mkono kwa mikono yake miwili. Mika mkono wake ulipotetemeka, aliushika hadi ukatulia. Efraimu aliyaona hayo, moyo ukamtulia naye. Huyu atasikia, alijiambia.

Wazee walikuwa wamejipanga mstari bila kuambiwa. Meja Hans aliwatazama, na ikaonekana wazi kwamba kitu kimemgusa. Aliwaambia kwamba baba yake mzazi alikuwa Keya, alikuwa Bama kama wao, na alikuwa akiwasimulia watoto wake maneno ya jeshi la zamani hadi wakayajua yote. Leo anaona kama anamwona baba yake. Akataka kuwapa heshima yao. Alirudi nyuma hatua chache, akakaza mgongo, akaiweka sawa kofia kichwani, na kwa sauti kubwa ya paredi akawauliza kwa Kikeya, Kiswahili kile kile cha jeshi la zamani ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia tangu ujana:

"Iko shauri?"

Visigino vikagongana. Videvu vikainuka. Na mstari mzima, wenye meno na wasio na meno, ukajibu kwa pamoja:

"Hapana shauri, afande!"

Hawakuwa wamefikiri. Neno lile halikuingia kichwani, liliingia miguuni. Katika Keya ofisa alipita kila wiki na swali hilo, na shauri maana yake ni lalamiko. Mara moja tu, huko Bama, kijana mmoja mpya alijibu kwamba iko, chakula ni kidogo. Kikosi kizima kilibebeshwa masanduku ya risasi, kupanda na kushuka kilima katika mvua hadi jioni. Efraimu alikuwa na homa siku ile, na Kasaine ndiye aliyebeba la kwake na la Efraimu. Tokea hapo swali lile lilikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikaa ndani yao kama risasi ambayo daktari ameogopa kuitoa.

Efraimu alilisikia likitoka kinywani mwake mwenyewe. Alibaki amekaza mgongo, mikono kwenye mishono ya suruali, huku maneno yake yote aliyoyafanyia mazoezi yakiwa yamesimama nyuma ya meno. Alijua afungue mdomo. Alijua ni sasa. Lakini askari aliye kwenye mstari hafungui mdomo mpaka aambiwe, na Meja Hans, machozi yakimlenga, alikuwa amepiga saluti.

Kisha akawaambia walegee. Aliwashukuru, akasema katika nyumba zote alizozungukia hajaona wazee waliotunzwa vizuri kama hawa. Akampongeza Bwana Ndesanjo. Bwana Ndesanjo alimtazama Efraimu, akaangalia chini.

Gari likigeuzwa ndipo miguu ya Efraimu iliporudi kuwa yake. Alilifuata hadi kwenye ua. Meja Hans alipomwona anakuja akashuka tena, maana hakuwa mtu wa kuzungumza na mzee kupitia dirishani. Efraimu akasema yote, yakiwa yamevurugika, macho kabla ya Kimaasai, Dodoma kabla ya jina la Kasaine. Meja alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba yangu," akasema, "kwa nini hukuniambia pale?"

 Efraimu alisema tu kwamba aliulizwa kijeshi.

Meja Hans aligeuka kumtazama karani, aliyekuwa ameshafunga daftari. Taratibu akaanza kuelewa alichokifanya, na uso wake mwema ukaingia huzuni. Alieleza kwamba makao makuu walimtuma na karani makusudi, ili watu wasije kudai kwamba wazee hawakuulizwa, au kwamba wamefundishwa la kusema. Wazee wameulizwa hadharani, na wamejibu kwa sauti moja. Akirudi na shauri la mtu mmoja aliyemfuata garini, watamwambia limetungwa.

"Na tena una binti, baba. Wako wengi wanaotamani kuwa na binti. Nikikupeleka wewe mwenye mtoto, nitawaambia nini wasio na mtu, wanaongojea kitanda?"

Halikuwa neno baya. Efraimu hata alipolitafutia ubaya hakuuona. Meja alivua skafu yake shingoni, akasema ampelekee mwenzake, huko njiani kuna baridi. Alimwamkia mara ya pili kabla ya kuondoka, shikamoo, ingawa alikuwa ameshamwamkia.

Barazani wazee hawakutazamana. Kasaine alikuwa ameketi, fimbo kati ya magoti. Alisikia hatua za Efraimu, akangoja mpaka ziliposimama.

"Ni mimi niliyeanza," Kasaine akasema. "Nilikuwa na sauti kubwa, ninyi mkanifuata."

Efraimu alijua si kweli. Alikuwa amesimama karibu naye, na sauti aliyoisikia kwanza ilikuwa yake mwenyewe. Akamfunga skafu shingoni.

"Umeanza wewe," akamjibu. "Waarusha wote mna makelele."

"Na Wameru mnafuata."

Kasaine akacheka, na Efraimu akacheka, halafu Kasaine akaipapasa skafu kwa vidole na kuuliza ni ya rangi gani. Efraimu akamwambia ni nyekundu. Ilikuwa ya kijivu.

Lori lilikuja kabla ya mvua za vuli. Dereva, mtu wa makamo, aliwakuta barazani tayari. Efraimu alimweka Kasaine mbele, si nyuma na mizigo, na dereva hakubisha. Efraimu akaanza kumweleza dereva mambo ya Kasaine ili akawaeleze wa huko. Kwamba haombi maji. Ukiona analamba midomo, mpe. Kwamba akisema enkare ni hayo hayo maji. Kwamba anawishwe kuanzia machoni, na maji yasiwe ya moto. Kwamba ukitaka aketi, mguse goti, usimvute mkono, akivutwa anaona haya. Alipofika hapo aliona dereva anaitikia kila kitu kwa kichwa, sawa baba, sawa baba, namna mtu anavyoitikia akiwa anasikiliza injini.

Kasaine alitoa mkono dirishani. Efraimu akaushika.

"Koplo," Kasaine akasema, "sasa utamwambia nani?"

"Nani nini?"

"Ukiamka. Hayo matusi yako ya asubuhi."

Efraimu alitaka kusema atayaweka. Lori likaondoka, mikono ikaachana yenyewe. Anyesi alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, ameshika fimbo ya Kasaine. Walikuwa wameisahau. Alikimbia nayo hadi barabarani huku akipunga, lakini lori lilikuwa limekata kona.

Baada ya hapo nyumba iliisha kidogo kidogo. Kaka yake Mika alimjia Mika. Mkwe alikuja, mpwa akaja. Vitanda vilitolewa nje vikapangwa kwenye nyasi. Efraimu alikuwa wa mwisho, kwa sababu Elifuraha alingoja siku isiyo na gulio. Alikaa upande wa jikoni, juani, na Anyesi akakaa naye akichambua maharage ya wafanyakazi waliokuja kubomoa.

Anyesi ndiye aliyemletea habari. Dereva alikuwa amerudi kuchukua vitanda, naye akamuuliza. Alimwambia Efraimu kila kitu polepole, bila kuruka kitu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Njiani dereva alimnunulia Kasaine soda, akamshikia chupa mdomoni. Walifika salama. Nyumba ya huko ni safi, na wamempa kitanda cha dirishani. Wahudumu ni wasichana wenye heshima.

"Anaongea nao?" Efraimu akauliza.

Anyesi alichagua jiwe dogo katika maharage, akalitupa.

"Wanamsifu sana, baba. Wanasema katika wazee wote waliopokea hawajapata mzee mzuri kama yeye. Wanasema hasumbui mtu. Wanamwuliza kama anahitaji kitu, anasema hapana. Anakaa tu pale walipomweka."

Efraimu akatikisa kichwa. Alitikisa muda mrefu, na Anyesi, aliyekuwa ameona wazee wengi, aliacha maharage akamwekea mkono mgongoni.

"Mwambie dereva," Efraimu akasema. "Akienda tena, awaambie wasimwulize. Wasimwulize kabisa. Wamwangalie tu."

"Haendi tena, baba. Lori lenyewe limeuzwa. Amepeleka vitanda mjini, basi."

Elifuraha alikuwa amefika, amesimama kwenye kona ya jiko akiwa na mwavuli wa kuazima, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka mlimani. Alikuwa amesikia. Hakumharakisha baba yake. Alichukua bunda lake la nguo, akalipanga upya ili koti liwe juu, karibu, kama mvua ingewakuta njiani. Akangoja. Efraimu alipoinuka, akamfungulia mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado.